Dirisha, Tarishi na Hawala: Tathmini ya Huduma Zilizounganisha Familia za Wachimba Dhahabu wa California

Ukitaja barua za wachimba dhahabu wa California, wengi huona farasi: kijana mwembamba, mfuko wa ngozi, vumbi likitimka nyuma. Huduma ile, Pony Express, tutaifikia, nayo itapata alama ndogo kuliko jina lake. Mke aliyeachiwa shamba, deni la dukani na watoto watatu huko Ohio hakunufaika na farasi yule hata kidogo. Kwanza alianza mbio mwaka 1860, miaka 12 tangu James Marshall aokote dhahabu Coloma tarehe 24 Januari 1848. Kufikia hapo, nyumba nyingi zilizotenganishwa na dhahabu zilikuwa zimeshaungana tena, au zimeshavunjika.

Hapa tunapima huduma zilizobeba barua, pesa na picha kati ya mchimbaji na nyumbani kwake kuanzia 1849 hadi 1861. Swali ni moja: kilichotumwa kilimfikia mwenyewe, na kilimgharimu nini mpaka akakishika mkononi? Kasi ya meli tumeipa uzito mdogo. Meli zilikuwa na ratiba. Kilichokosa ratiba ni kipande cha mwisho, kutoka dirisha la posta la San Francisco hadi hemani kando ya mto Feather au Mokelumne, na huko ndiko huduma nyingi ziliporomoka.

Posta ya serikali kwa njia ya Panama

Hii ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Mfuko wa barua ulipakiwa New York, ukashushwa Chagres upande wa Atlantiki, ukapandishwa mto kwa mtumbwi, ukamaliziwa kwa nyumbu hadi Panama City, kisha meli ya Pacific Mail ikauchukua kwenda kaskazini. Meli ya kwanza ya kampuni hiyo, California, ilitia nanga San Francisco tarehe 28 Februari 1849. Udhaifu wa njia ulikuwa katikati: mvua, nyumbu haba, na meli ya upande wa Pasifiki ambayo haijatokea. Barua yenye bahati ilichukua mwezi na siku kadhaa. Isiyo na bahati ililala Panama. Reli ya maili 47 na nusu ilipokamilika Januari 1855, siku za matope zikageuka saa chache, na barua ikaanza kufika kwa wiki tatu au nne.

Kwa familia hesabu hiyo ina maana moja: swali na jibu lake ni kama miezi miwili. Ukiuliza Machi kama ng'ombe auzwe, jibu litakuja Mei kama kila kitu kimekwenda sawa. Kwa hiyo swali la "niuze nisiuze?" halikufaa kabisa kwa huduma hii. Lililofaa ni taarifa yenye tarehe: nisipopata neno kufikia mwisho wa Mei, nauza. Na kila barua ilihitaji namba juu yake, pamoja na kutaja ndani namba ya mwisho iliyopokelewa. Pasipo namba, barua iliyokwama Panama ilipitwa na iliyoandikwa baada yake, baba akasoma leo kwamba mtoto amepona, na wiki mbili baadaye akasoma kwamba mtoto ni mgonjwa mahututi.

Bei ilibadilika mara kwa mara, na hapa wengi huchanganya miaka. Mwaka 1849 barua ya nusu wakia kati ya pwani mbili ilikuwa senti 40. Kuanzia tarehe 1 Julai 1851 ikawa senti 6 ikilipiwa mapema, au 10 ikilipwa na mpokeaji. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1855 ikawa senti 10, na kulipia mapema kukawa lazima.

Ule uhuru wa kumwachia mpokeaji alipe ulikuwa mtego. Mume aliyeishiwa huko migodini aliandika barua ya kutuliza moyo, akaituma bila kulipia, na mke akafika dirishani kudaiwa senti 40 wakati kibarua wa kawaida wa Mashariki ya Marekani alipata takriban dola 1 kwa siku. Barua ikiwa nzito kupita nusu wakia, deni lilipanda. Mabadiliko ya 1855 yalipandisha bei ya barua iliyolipiwa, ni kweli, lakini yaliondoa fedheha ile. Kwa maoni yetu ndiyo marekebisho bora kuliko yote.

Nusu wakia ni kitu kidogo sana, na inafaa kuitazama kwa karibu. Karatasi moja pana nyepesi ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne. Wachapaji wa San Francisco, Britton & Rey wakiwa miongoni mwao, waliuza karatasi za aina hii zikiwa na picha iliyochapwa tayari: machimbo, mji unaowaka moto, mchimbaji anapika maharage. Mke alipata kuona mahali mumewe alipo, na mume akapunguziwa ukurasa wa kujaza maneno. Hiyo ya pili huenda iliwavutia zaidi wanunuzi. Nafasi ikiisha, ukurasa uligeuzwa ubavu na mistari mipya ikaandikwa kukatiza ile ya kwanza. Inasomeka, mradi wino usiwe umelowa. Kisha karatasi ilikunjwa mara tatu, ncha ikaingizwa ndani, ikafungwa. Lakiri ilipendeza machoni, lakini joto la Panama huilainisha, na barua mbili zikigandana mfukoni, kuzibandua ni kuzichana. Kibandiko chembamba cha unga kilivumilia joto vizuri, tena kilikuwa chepesi mizanini.

Dirisha lenyewe

Mkuu wa kwanza wa posta ya San Francisco, John W. Geary, aliwasili tarehe 1 Aprili 1849. Alikuta mji ambao makarani hawakai, kwa kuwa mshahara wa karani ulikuwa kichekesho mbele ya kipato cha machimboni. Meli ikiingia, ofisi ilifungwa kwanza ili mifuko ichambuliwe, na huku nje foleni ikarefuka hadi mtaa wa pili. Walikuwapo watu waliopanga foleni bila kutarajia barua yoyote. Walikuwa wakiuza nafasi zao, kwa dola 10 hadi 20. Madirisha yaligawanywa kwa herufi za majina, na hilo lilisaidia, ila halikutibu ugonjwa wenyewe, ambao ni anwani.

Barua iliyoandikwa "John Smith, California" haikupotea. Ilifika salama, ikakaa kwenye rundo pamoja na akina John Smith wengine. Anwani iliyofanya kazi ilikuwa na vitu vinne. Jina kamili lenye herufi ya jina la kati. Jimbo alikotoka, maana karani aliulizwa "yule wa Vermont". Mji wa kuchukulia mahitaji, yaani Sacramento, Stockton au Marysville. Na mwisho, jina la mwenye duka ambaye barua ipitie kwake. Jina la kambi ya uchimbaji peke yake lilikuwa kamari. Kambi zilihama, zilibadili majina, tena zilirithi majina ya wenzao: kwenye matawi ya mto Feather palikuwa na Rich Bar zaidi ya moja, na Hangtown ikaja kuwa Placerville mwaka 1854.

Barua zisizochukuliwa zilitangazwa kwa orodha ndefu magazetini, Alta California likiwamo, na zilizokosa mwenyewe baada ya hapo zilirudishwa Washington kwenye ofisi ya barua zisizo na mwenyewe. Mke huko nyumbani hakuletewa habari yoyote njiani. Alichoona ni ukimya. Mitaani waliwaita wanawake hao "wajane wa California", na wengi wao waume zao walikuwa hai, wakiandika kila meli, huku barua za wake zao zikiwa zimelala rafuni kwa sababu ya herufi moja ya jina la kati.

Upande wa Mashariki nako hapakuwa na wa kugonga mlango. Mwenye shamba alikwenda posta mwenyewe. Maili za kwenda mjini, siku moja ya kazi imekwenda, na mara nyingi hakuna kitu. Kwa hiyo huduma hii ilikuwa na dirisha kila mwisho, na safari ya miguu kila upande. Baharini tunaipa nyota nne kati ya tano. Nchi kavu tunaipa mbili.

Matarishi wa migodini

Pengo hilo lilizibwa na watu binafsi. Anayejulikana zaidi ni Alexander Todd, aliyeanza kazi mwaka 1849 kwenye machimbo ya kusini. Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na kwetu ndio ubunifu mkubwa wa kipindi chote. Alizunguka kambini akiandikisha majina, dola 1 kila jina. Akashuka San Francisco na orodha, akaapishwa kama karani wa posta ili aruhusiwe kuchambua mwenyewe, akachagua barua za watu wake, akarudi nazo milimani. Kwa kila barua aliyokabidhi alitoza hadi wakia nzima ya vumbi la dhahabu, ambayo kwa bei ya dukani ilikuwa dola 16.

Watu husoma bei hiyo wakashika kichwa. Ilinganishe na kipato cha mchimbaji: mwaka 1849 wastani ulikuwa karibu dola 16 kwa siku, kwa hiyo barua moja ni siku moja ya kazi. Kuifuata mwenyewe ni siku kadhaa za kwenda na kurudi, chakula cha njiani, pengine na nafasi ya foleni ya kununua, na ukirudi unaweza kukuta mtu amekaa kwenye kiwanja chako cha kuchimba. Tarishi alikuwa nafuu. Lakini kipato kilishuka haraka, dola 10 mwaka 1850, dola 6 mwaka 1852, takriban dola 3 kuanzia 1856, na matarishi walipoongezeka bei zao zikashuka pia.

Kasoro yake ni orodha kuzeeka. Wachimbaji walihama mto ulipokauka au tetesi ilipotoka bonde la pili, tarishi akafika na barua mahali penye mashimo matupu. Kinga ilikuwa kuacha jina na mwelekeo kwa mwenye duka siku ya kuhama, jambo ambalo mtu anayekimbilia dhahabu mpya hutaka lisijulikane. Hapo siri ya biashara na mawasiliano ya nyumbani viligongana, na aliyeumia ni mke.

Kwa majira ya baridi yupo mmoja wa kutajwa peke yake: John A. Thompson, mzaliwa wa Norway, aliyevuka Sierra Nevada kwa skii kuanzia 1856 akibeba barua kati ya Placerville na bonde la Carson, karibu maili 90, siku tatu kwenda na mbili kurudi. Alifanya hivyo kwa miaka 20. Serikali haikumlipa stahili yake.

Pesa: hawala za kampuni

Barua ikipotea huandikwa nyingine. Pesa ikipotea, shamba linauzwa. Sehemu hii ndiyo iliyoamua kama familia itasimama.

Kutuma dhahabu yenyewe ndani ya barua lilikuwa kosa. Uzito huipandisha gharama, na chembe hutoboa karatasi. Wapo waliobandika kipande kidogo kwa lakiri kama zawadi kwa mtoto, na hiyo ni sawa kama zawadi. Usajili wa barua ulioanza tarehe 1 Julai 1855 kwa senti 5 nao huwadanganya wasomaji wa leo: barua iliandikwa daftarini, lakini ikipotea hapakuwa na fidia. Hawala za posta zenyewe hazikuwapo Marekani hadi Novemba 1864.

Iliyofanya kazi ni hawala ya benki au ya kampuni ya usafirishaji. Hatua ya kwanza ni kusafisha vumbi. Mchanga mweusi hushikamana na dhahabu, na mnunuzi ataukata kwenye uzito kwa makadirio yake, ambayo hayakukupendelea. Sumaku huutoa, na kupuliza taratibu juu ya sahani bapa humaliza kazi. Kisha mizani, kwa wakia za sonara. Bei rasmi ya dhahabu safi ilikuwa dola 20.67 kwa wakia, ya California haikuwa safi kabisa, na mfanyabiashara naye ana chake, ndipo inapopatikana ile dola 16. Tawi la kiwanda cha sarafu cha serikali lilipofunguliwa San Francisco mwaka 1854, pengo likapungua.

Baada ya malipo ulipewa hawala kwa nakala mbili au tatu, kila moja imeandikwa kwamba ilipwe ikiwa nyingine hazijalipwa. Ya kwanza ilikwenda na meli hii, ya pili na meli ijayo, ya tatu ukabaki nayo. Ni utaratibu mzuri kuliko wote katika tathmini hii, na watu waliuharibu kwa jambo dogo la kutia nakala zote katika bahasha moja. Meli Central America ilipozama tarehe 12 Septemba 1857, watu wapatao 425 walikufa na dhahabu ikaenda chini. Mwenye nakala ya pili kwenye meli iliyofuata alipoteza wiki mbili. Mwenye mfuko wa dhahabu aliutazama ukizama, kama alinusurika yeye.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye karatasi yenyewe. Muda: hawala ya kulipwa siku kadhaa baada ya kuonwa, tena New York, haikuwa pesa mkononi mwa mtu wa kijijini Vermont. Alimpelekea mwenye benki wa karibu, naye akakata sehemu yake. Na jina la mlipwaji: sheria za majimbo mengi zilimnyima mke aliyeolewa uwezo wa kufunga mkataba peke yake, kwa hiyo hawala nyingi ziliandikwa jina la baba au kaka wa mume, na mke akawa wa kuomba matumizi kwa shemeji. Dawa ilikuwapo, hati ya uwakala iliyosainiwa kabla ya safari, ikimtaja mke waziwazi. Aliyesahau hati hiyo hakuweza kuirekebisha kwa haraka kutoka milimani.

Kampuni gani? Hadi 1855 Adams & Co. ndiyo iliyokuwa kubwa. Benki ya Page, Bacon & Co. ilifunga milango tarehe 22 Februari 1855, Adams ikafuata kesho yake, na walioweka akiba humo wakaumia. Wells, Fargo & Co., iliyoanzishwa 1852, ilifunga kwa siku chache, ikafungua tena. Anayewasifu leo kwa magari yao ya farasi anasifu kitu cha pembeni. Sifa yao kwa familia ni zile siku chache.

Maduka ya Wachina

Waliotatua kipande cha mwisho kuliko wote hawakutumia posta sana. Mchimbaji kutoka Guangdong aliacha barua na pesa kwa mwenye duka wa kwao, duka likazipeleka San Francisco, zikavuka hadi kampuni za biashara za Hong Kong, na kutoka hapo mjumbe akazifikisha kijijini. Mwenye duka alijua kijiji, ukoo na sura ya mteja. Asiyejua kuandika aliandikiwa hapohapo. Jina la kati halikuhitajika. Ilikuwa huduma ya watu waliotozwa kodi ya wachimbaji wageni kila mwezi na kufukuzwa viwanjani mara kwa mara, na bado kwa kigezo chetu inaipita posta ya serikali.

Picha, na kumpa mtu mkononi

Daguerotipu ilikuwa zawadi iliyopendwa: bamba la shaba lililopakwa fedha, mara nyingi inchi 2¾ kwa 3¼, chini ya kioo, ndani ya kikasha chenye bawaba. Picha hutoka imegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia, ndiyo maana vifungo vya shati huonekana upande usio wake. Usiiguse kwa kidole kamwe. Mguso mmoja hufuta uso. Unyevu ukipenya ukingo wa kioo, fedha huingia weusi kuanzia pembeni. Kwa posta ilikuwa nzito mno, hivyo ilikwenda kwa kampuni au kwa rafiki anayerudi nyumbani. Njia ya rafiki haikuwa na malipo, nayo ilifaa kwa kitu kimoja tu, kitu ambacho kikipotea hakuna atakayelala njaa. Pesa hapana, hata kwa ndugu.

Gari la kusini na farasi wa mbio

Gari la John Butterfield, kuanzia Septemba 1858, lilipita kusini kwa takriban maili 2,800 mara mbili kwa wiki, ndani ya siku 25, kwa senti 10 zilezile za serikali. Safi. Barua za katikati ya ratiba za meli zilipata njia, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokaribia mwaka 1861 njia ikahamishiwa katikati ya nchi.

Pony Express ilianza tarehe 3 Aprili 1860 kati ya St. Joseph, Missouri, na Sacramento, siku kama 10. Kifaa chake ni kizuri ajabu: mochila, ngozi pana inayotandazwa juu ya tandiko, mifuko minne pembeni, barua zimefungwa kwenye hariri iliyopakwa mafuta. Mpandaji akibadili farasi aliichomoa na kuirushia farasi mpya, akaikalia, akaondoka. Bei: dola 5 kwa nusu wakia, juu ya stempu ya serikali, ikashuka hadi dola 1 kuanzia Julai 1861. Mchimbaji wa 1860 alipata dola 3 kwa siku. Wateja halisi walikuwa magazeti, mabenki na serikali. Ilisimama kwa wiki kadhaa kwa vita na Wapaiute, wenyeji wa asili wa njia hiyo, mwaka huohuo wa kwanza, na ilipofika Sacramento barua ilirudi kwenye tatizo lilelile la kupelekwa mlimani. Nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya mochila. Nyaya za telegrafu ziliunganishwa tarehe 24 Oktoba 1861, na siku mbili baadaye huduma ikatangazwa kufungwa.

Familia iliyotaka kuwasiliana vizuri mwaka 1857 ingefanya hivi: barua moja kila meli ya nusu mwezi, yaani 24 kwa mwaka, senti 10 kila moja, jumla dola 2.40 kwa upande mmoja, pungufu ya siku moja ya kazi machimboni. Juu yake ada ya tarishi, hawala mbili kwa mwaka zenye nakala zilizotengana, na hati ya uwakala kabatini. Barua moja ya farasi miaka mitatu baadaye iligharimu zaidi ya posta ya mwaka mzima.

Tarehe 1 Julai 1863 bei ikawa senti 3 bila kujali umbali, na siku hiyohiyo miji mikubwa ikaanza kupelekewa barua majumbani bila malipo ya ziada. Mashambani na migodini, watu waliendelea kwenda dirishani.